Kikohozi Katika Wimbo wa Saba

Jana kijana wa Chibago kaniletea bahasha ya kaki,
ndani yake sidii: Radi Kavu, Vibao Bora.
Kumi na viwili, vimepangwa kama matofali ya kuchoma.
Nikamwambia, mwanangu, kibao ni neno lenye kazi nyingi.
Kuna kibao cha getini kinachosema Mbwa Mkali, na mbwa hayupo.
Kuna kibao alichonizaba baba
siku aliyojua nimeacha shule nibebe spika.
Hicho kilikuwa bora. Nakisikia mpaka leo bila redio.

Jaladani ni picha ile ya nyuma ya karakana ya reli.
Wanne, suruali zao pana zinafagia vumbi la Dodoma;
Msengi kalishika gitaa kama ndama anayetaka kuchomoka.
Pembeni kuna kiwiko.
Kiwiko hicho ni mimi. Kwingine kote wamenikata.

Hatukuwa bendi ya kukumbatiana.
Gitaa la Msengi halikubembeleza, lilisaga,
na wacheza rumba walikaa na soda zao
wakitutazama kama watu wanaotazama ajali.
Mwaka ule uwele uliishia magotini, ukasimama.
Bibi mmoja wa Chang'ombe akaja na kigoda chake
akakiweka mbele ya jukwaa, akakaa,
akasubiri wimbo uishe. Akasema:
Ninyi ndio mnaoifukuza mvua.
Foibe akamjibu kwa Kigogo, kwa heshima zote,
kisha akaimba kwa nguvu zaidi.

Sasa naweka sidii kwenye redio ya mjukuu.
Wameisafisha. Kompyuta imetoa mikwaruzo,
imetoa na upepo wa Agosti uliogonga milango ya ukumbi,
imetoa treni ya mizigo katika wimbo wa pili,
treni ambayo Chibago aliifuata kwa ngoma zake
hadi behewa la mwisho.
Bila treni, anaonekana kachanganyikiwa.

Na kile cha Mpwapwa hakimo.
Nilijua hakitakuwemo, lakini nilihesabu mara mbili.
Januari, tunarekodi chini ya paa la bati,
Ijengo kafunga mashine ya mikanda kwa kamba ya katani.
Ubeti wa pili, tone. Halafu tone. Halafu bati lote.
Foibe akaiacha maikrofoni ikiwa wazi
akatoka nje na viatu vyake vya jukwaani.
Ijengo akatoka. Mimi nikatoka na nyaya mkononi,
mjinga, ningekufa.
Msengi peke yake alibaki ndani
akishindana na bati mpaka umeme ukakatika.
Fundi akausikiliza mkanda, akasema, taka hizi.
Wiki iliyofuata wakarekodia kwaya juu yake.
Huwa nawaza kwamba mahali fulani, chini ya haleluya,
bado kunanyesha.

Foibe yuko Hombolo, anapogoa mizabibu ya watu.
Msengi na Ijengo tumeshawazika, mmoja Manyoni, mmoja Kondoa.
Chibago hasikii tena. Kijana wake anasema
huweka kiganja juu ya spika,
na ikifika namba tano hutikisa kichwa:
Hapa niliharakisha.

Wimbo wa saba. Dakika ya pili, sekunde ya kumi na moja.
Gitaa linanyamaza, ukumbi mzima unashika pumzi,
na hapo, nyuma kabisa, kushoto,
mtu anakohoa.
Ni vumbi. Nilikuwa nimejizuia tangu wimbo wa kwanza.
Treni waliiona, upepo waliuona,
mimi wakanipita.

Nikamwambia mjukuu, huyo ni babu yako.
Hakusema kitu. Akarudisha nyuma mara tatu,
sikio likiwa limegusa redio,
kisha mara ya nne, pale pale, akakohoa naye,
akachelewa kidogo.